Nafasi Uliyoiacha Katikati

Kulwa,

Shikamoo. Miaka yote ulinidai salamu hii kwa kuwa ulitoka tumboni kabla yangu, na miaka yote nilikataa, nikasema mapacha hawaamkiani. Leo nakupa. Najua hakuna wa kuniitikia, ndiyo maana nimeweza kuitamka.

Nakuandikia nikiwa nyumbani Mkuyuni, nimekaa juu ya jiwe nyuma ya jiko, pale tulipokuwa tunaanika jezi. Mama yuko ndani. Siku hizi anaongea nami huku ameangalia pembeni. Tangu tukuzike hajanitazama usoni. Simlaumu. Hata mimi nanyoa ndevu kwa kupapasa, sitaki kioo. Baba ndiyo hivyo. Kiwanda cha nguo kilipowapunguza kazini alikuwa bado anatoka kila asubuhi, anasema anakwenda kuulizia. Baada ya msiba wako hata kuulizia akaacha.

Mwenyewe hukujua mwisho ulivyokuwa, malaria ilikuwa imeshakupanda kichwani. Nilipofika hospitali, timu yako nzima ilikuwa imesimama nje ya wodi, na hakuna aliyenisalimu. Wakainamisha vichwa. Nikajua.

Lakini sikukaa hapa kukueleza kifo chako. Nataka kukueleza habari ya mechi, chuo chetu cha ualimu na chuo chenu, ile tuliyokuwa tukikutana kila mwaka, mimi mshambuliaji wa Mwanza na wewe beki wa kati wa Sengerema, na Mama akikataa kuja uwanjani kwa sababu hajui amshangilie nani.

Mwaka huu Mwalimu Ndaki, yule wa hisabati anayetufundisha mpira, aliniita akaniambia nivuke nikaitazame timu yenu ikicheza mechi ya kirafiki na vijana wa mjini. Alitaka kujua mabeki wenu wana upungufu gani sasa. Alisema wengine wangeulizwa wamefuata nini, lakini mimi nitapokewa kama mfiwa. Alisema kweli, na ukweli wake uliniuma.

Nilivukia Kamanga. Kivuko kilichelewa kwa sababu ya magugu maji, siku hizi yamefunga pwani yote, ukitazama unadhani ni shamba la mpunga. Nilipofika uwanjani kwenu, Malima alikuwa langoni anapasha misuli. Aliponiona mpira ulimtoka mikononi. Kisha akaja, akanishika mkono, akakaa nao muda mrefu. Selemani, beki wako wa kushoto, mliyelala naye kitanda kimoja cha juu na chini, aliniletea kiti akanipangusia vumbi kwa shati lake.

Jezi yako, namba tano, wamempa mwanachuo mpya anaitwa Jumanne. Ni mrefu, mipira ya juu yote anaipata. Ila hasemi. Wewe ulikuwa unasema tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Ukiita "Toka!" mabeki wote wanne wanapanda mbele kwa pamoja, sisi washambuliaji tunabaki nyuma yenu tumeotea, na bendera iko juu. Mara ngapi uliniacha hivyo, halafu ukanigeukia unacheka na meno yote?

Sasa nikakaa pale natazama. Kila mpira mrefu ulipopigwa, Selemani aligeuza kichwa, akaangalia katikati. Nilidhani ni bahati mbaya. Ukapigwa mwingine, akageuka tena. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anasubiri umwite. Hukuita. Na kwa ule muda mfupi aliokuwa akikusubiri, hakumwona aliyepita mgongoni kwake.

Timu yako yote bado inakusubiri, Kulwa. Nilitaka kulia pale kwenye kiti, lakini macho yangu ni ya mshambuliaji, yalikuwa yameshaona pa kupita.

Nilimweleza Mwalimu Ndaki nilichokiona. Nilitegemea angesema tumpitishe winga nyuma ya Selemani, basi. Yeye alizungusha chaki vidoleni, halafu akasema, "Hapana. Wewe utacheza katikati. Atakapogeuka, akukute wewe."

Nilimwambia siwezi. Hakunikaripia. Alisema na yeye amezika ndugu, tena wawili, na kwamba anajua anachoniomba. Kisha akanikumbusha kuwa kuna mtu wa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara atakuja kuangalia mechi, wanaunda timu ya wafanyakazi, na atakayechukuliwa anapewa na kazi humo humo. Wewe unajua hali ilivyo. Zamani ukimaliza chuo serikali inakupangia kituo. Wenzetu waliomaliza mwaka jana bado wanauza mitumba. Sijui nani alimwambia Baba habari za mtu huyo wa kiwanda, lakini asubuhi ya mechi nilimkuta amechuchumaa uani anapiga viatu vyangu dawa, kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu kama vya bwana harusi. Ningemwambia nini?

Mechi ilichezwa kwetu. Wenzako wote walifunga kitambaa cheusi mkononi kwa ajili yako. Mimi, pacha wako, sikufunga, kwa sababu timu yangu ilikuwa upande wa pili. Kipindi cha kwanza chote nilijificha pembeni kulia, naukimbia ule uwanja wa katikati kama unachoma. Wakati wa mapumziko Mwalimu Ndaki hakunisema. Alininyooshea kidole tu, akanionyesha katikati.

Basi nikaenda. Mpira mrefu ukapigwa juu ya vichwa vyetu, nikaingia mbio kati ya Jumanne na Selemani. Selemani akageuka.

Kulwa, nilimwona uso ukimfunguka. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia hodi akakuta mlangoni ni mtu wake. Akapunguza mbio. Akaniachia mpira, kama alivyokuwa akikuachia wewe, bila wasiwasi wowote, akijua mpira umefika kwenye mikono salama. Nikabaki mimi na Malima. Naye alikuwa amesimama, mikono iko chini. Nilipiga kwa sababu mguu wangu haujui kitu kingine cha kufanya na mpira.

Wenzangu walinirukia, wakanilalia. Nilipoinuka, Selemani alikuwa amekaa kwenye majani, ameifunika sura yake kwa jezi. Jumanne amesimama peke yake hajui amekosea wapi. Hakukosea popote, maskini.

Goli likabaki hilo moja. Filimbi ilipolia, Malima alinifuata. Nilidhani atanitukana, na nilitamani anitukane. Akasema, "Nilidhani umerudi. Nilifurahi kwanza, ndipo nikaona goli." Akaenda zake kupanda gari la chuo.

Mtu wa kiwanda aliniuliza jina, nikamwambia Doto. Akauliza kama nina pacha, watu wa Usukumani hawawezi kulisikia jina hilo bila kuuliza. Nilimjibu kwamba ninaye. Sikuweza kusema nilikuwa naye.

Siku hiyo Baba alicheka. Aliita majirani, akawasimulia goli ambalo hakuliona, na kila aliposimulia lilikuwa linazidi kupendeza. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Aliniuliza jambo moja tu, bila kugeuka, "Pale pa Kulwa alisimama nani?" Nikamwambia ni mtoto wa watu mmoja anaitwa Jumanne. Akasonga, akasonga, akasema, "Mungu amsaidie."

Kazi nimeanza. Nasimama kwenye meza ndefu na kisu, nimevaa mabuti ya mpira, natoa minofu ya kupelekwa Ulaya kwa ndege. Sisi tunanunua mapanki, tunarudi na vichwa na miiba nyumbani. Mama anayakaanga, Baba anasifu. Jumamosi nacheza. Nafunga sana, watu wamenipa jina, wananipigia makofi hata sokoni. Mimi hakuna ninachosikia. Mpira unaingia wavuni, nageuka kutafuta yule atakayeniambia goli lile ni la kuotea, simwoni. Narudi katikati ya uwanja nikiwa nimechoka kama niliyefungwa.

Kuna siku nafikiri walikosea kaburini, kwamba waliyemzika ni Doto, na huyu anayetembea na sura yangu anakula chakula cha mtu. Usimwambie Mama, kama huko mnaweza kuambiana.

Sasa nakuaga. Kabla ya hapo nikuahidi jambo moja. Uliwahi kunieleza, tukiwa tunaoga ziwani likizo ile ya mwisho, kwamba siri ya kuita "Toka!" si mpira, ni mguu wa mpigaji. Unaita mguu ukiwa bado nyuma, kabla haujaugusa mpira. Sikumwambia mtu yeyote wa timu yetu, hata Mwalimu Ndaki. Jumapili nitavuka nimtafute Jumanne. Nitasimama naye pale pako nimfundishe, na nitamlazimisha apaze sauti mpaka imkauke. Malima na Selemani wakikubali kunitazama, nitawaomba wawepo.

Najua ninachokuahidi. Selemani akizoea sauti ya Jumanne, hatageuka tena. Na siku atakapoacha kugeuka, hakutakuwa na mtu hata mmoja uwanjani anayekusubiri. Naiogopa siku hiyo kuliko nilivyoogopa siku ya kukuzika. Lakini nitavuka.

Pumzika, kaka.

Ni mimi, mdogo wako,
Doto