Tangi la Mama Kulwa

Shamila, nina hasira! Huyu Ladislaus, meneja wa kampuni ya mikopo ninayoitetea hapa Newala, kanidhalilisha.

Nimesimama mbele ya hakimu nikasema wateja wangu hawajachukua tangi la maji la Mama Kulwa, mkopaji wao aliyewashtaki. Hakimu akasema twende wote ofisini kwao tukaangalie.

Tangi lipo uani! Limeandikwa MAMA KULWA kwa rangi nyekundu! Maji hapa ni shida, kila mtu anaandika jina kwenye chombo chake, na Ladislaus hata kulifuta hilo jina kashindwa!

Eti ananinong'oneza, "Wakili, sema akina Mama Kulwa wako wengi."

Wako wengi!! Mshenzi.

Nikampa yule mama shikamoo. Akafungua koki ya tangi lake, akanawa mikono taratibu, akaondoka. Marahaba sikuipata.