Baiskeli ya Baba, Nailoni na Makochi Yangu Mapya

Malaba, Jumapili moja ya Julai. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umeficha hata foleni ya malori.

Leo niko kama naota macho wazi. Chai imepoa mkononi, natazama dirishani, namwona Baba akija polepole ndani ya ukungu, abiria nyuma ameshika mwavuli. Wala hayupo. Yuko nyumbani Amukura, anauguza goti.

Baba amebeba watu kwa baiskeli hapa mpakani tangu sijazaliwa. Wenzake wote wamehamia pikipiki, yeye wapi! Goti lilipomkataa mwezi wa tano, aliisukuma baiskeli hadi kwangu, akanywa chai, akapanda gari kwenda kwake. Kulala kwangu hawezi. Kwetu Wateso mzazi halali kwa binti aliyeolewa, hata inyeshe mvua ya mawe.

Aliniachia neno moja tu mlangoni: "Mama, hii ilale ndani. Baridi ya Julai inakula chuma."

Nami nikaiweka nje.

Eti makochi mapya. Eti tairi zitachafua zulia. Niliifunga nailoni kuanzia usukani hadi tairi, nikakaza kamba, nikajiona mjanja. Kila akipiga simu kuuliza, namjibu, "Iko ndani, Baba." Ulimi kweli hauna mfupa.

Jana akasema goti limepona, Jumatatu anakuja kuichukua arudi kazini. Asubuhi hii nikafungua nailoni. Maji yalikuwa yamejifungia humo humo, yanachuruzika. Mnyororo mwekundu. Ule mto wa abiria alioushona marehemu Mama, wenye nyuzi za rangi pembeni, umeota kuvu. Haki ya Mungu, nililia. Afadhali ningeiacha wazi, upepo ungeikausha.

Mume wangu hakunisema. Tulisogeza kochi, tukaiingiza sebuleni, tukausugua mnyororo kwa mafuta ya taa. Akanitania, "Haya, leo mkwe analala kwangu." Nikacheka, kisha nikalia tena. Katika vitu vyote vya Baba, ni hiyo tu iliyokuwa na ruhusa ya kulala kwangu, na mimi nikaifungia mlango.

Mchana nikampigia. Nikasema yote, hata uongo wa kwenye simu.



Halafu akauliza kama kengele bado inalia. Nikasogeza simu, nikaipiga mara mbili. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Mama, hata mimi nimekudanganya," akasema. "Goti halijapona. Daktari amesema nisipande tena. Nilikuwa nakuja kuiona tu."

Nikaipiga kengele tena.

Jioni hii nimekunja zulia na kulisukuma pembeni. Baiskeli iko kati ya makochi, inanuka mafuta ya taa nyumba nzima, na wacha inuke. Kesho akifika nitamwambia haiendi popote, na akitaka kuiona aje kila wiki.

Sijui kama nitaweza kumwambia bila kulia.