Makala ya Kwanza Kwenye Orodha Yako

Mwalimu wangu,

Jumamosi tunaondoa matanga yako. Mume wako amenipa kazi ya kusoma mbele ya watu orodha ya makala zako zote kumi na moja, za usonji na tabia za watoto, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikibeba fomu zako miaka yote ile. Nilikubali haraka mno. Sasa natamani hata malaria inishike.

Tangu uondoke, ofisi yako amepewa mtu wa takwimu ambaye hanywi hata chai. Maboksi ya fomu yalitupwa koridoni, nikayapakia kwenye teksi nikayaleta kwangu mtaani Nyakabiga. Nayatumia kama meza. Ungenicheka. Ulizoea kunicheka nikila sambusa juu ya karatasi za utafiti, halafu unaomba moja. Nakukumbuka, Mwalimu, mpaka inanitia hasira.

Nilitaka walau mama mmoja kati ya wale tuliowatembelea awepo Jumamosi. Nikaenda Carama, pembeni mwa mji, kwa yule anayelima mboga za lengalenga, ambaye mwanawe Fabrice alikuwa na miaka miwili tulipompima. Unamkumbuka? Kipimo kilikuwa rahisi: mtoto anacheza, mimi namwita jina lake kwa nyuma mara tatu, tunaandika kama amegeuka. Fabrice hakugeuka hata mara moja. Nikaandika hivyo, kwa mwandiko wangu mzuri.

Juzi tumeketi uani, mama yake akaita, "Papi! Leta kiti!" Mtoto aliyekuwa ameinama kwenye matuta, mgongo kwetu, akageuka papo hapo. Nikauliza Papi ni nani. "Si njo huyu Fabrice," akasema. "Ile jina ni ya ku karte ya chanjo tu. Hapa nyumbani tunamuitaka Papi."

Nikamuuliza mbona hakuniambia siku ile. Alidhani ndivyo watu wa masomo wanavyofanya. Kisha, bila hasira yoyote, akasema: "Mulisema mutoto hasikiaka jina yake. Njo maana nikaacha kumusemesha. Na shule sikumutia."

Ana miaka minane sasa. Anaongea maneno machache. Huenda ana usonji, huenda hana. Wewe ungejua, na hupo.

Nilipofika nyumbani nilifungua maboksi. Kwenye fomu zile uliongeza kwa mkono mstari mmoja: jina analoitwa nyumbani. Uliniagiza niulize. Kwa watoto wa hapa Nyakabiga mstari umejazwa, maana ni watoto wa majirani zangu, nawajua wote. Kwa Carama ni mtupu, fomu baada ya fomu. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na haraka, nikasoma jina kwenye karte ya chanjo nikaita. Ukaniuliza, nikasema nimefanya kama ulivyoagiza. Nilikudanganya. Uliniamini, hukurudi kukagua.

Na juu ya uongo wangu uliandika makala ya kwanza, ile iliyokupa jina, ile ambayo watu wa mbali wanaitaja mpaka leo. Inasema watoto wa Carama hawageuki kama wa Nyakabiga wakiitwa. Inaeleza, kwa Kifaransa kizuri, kwamba wazazi wao wamechoshwa na shamba na hawasemi nao vya kutosha. Akina mama wale! Wanaopiga soga na watoto wao mgongoni tangu asubuhi! Nilisoma ukurasa ule jana, neno kwa neno. Makala tatu zilizofuata zimejengwa juu yake.

Nimefikiria kunyamaza. Wewe umelala, mume wako anajivunia, watoto wako watakaa mstari wa mbele. Nikisema, litakalochafuka ni jina lako, kwa kuwa langu limeandikwa mwisho kabisa, pale kwenye shukrani. Nikinyamaza, mtu mahali fulani atasoma na kumpima mtoto mwingine kwa kosa letu. Nimelia mpaka macho yamekauka. Sioni njia isiyokuumiza, Mwalimu. Sioni.

Barua ya kuomba makala ile iondolewe nimeituma kwa jarida leo asubuhi. Nimeandika kwamba kosa ni langu, ila najua watataja jina lako. Kesho nitamweleza mume wako, kabla watu hawajakusanyika. Akinifukuza, nitaondoka. Akinikubalia, Jumamosi nitasoma makala saba, na nitasema kwa nini si kumi na moja.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Sikuombi msamaha, maana kumwomba mtu asiyeweza kuninyima ni rahisi mno. Nakuahidi hili tu: wiki ijayo narudi Carama, nyumba kwa nyumba, nimwambie kila mama kwamba mtoto wake hakukosea kitu, ni mimi niliyekosea kumwita. Nitamwomba aseme naye, aseme naye sana. Kwa Papi tumechelewa miaka sita.

Mwanafunzi wako,
Zuena