Yaya, Maumivu Haya Si Yako

Dada yangu mkubwa, Yaya wangu,

Ni Jumatatu asubuhi na nakuandikia kutoka ofisini, lakini siwezi kukaa. Nimeinuka kwenye kiti mara nyingi hivi kwamba mlinzi amechungulia dirishani kuuliza kama nimepoteza kitu. Nimemwambia hapana. Ukweli ni kwamba nasubiri kitu. Nasubiri maumivu.

Jana nilikimbia nusu marathoni. Mimi, mdogo wako, ambaye sikuwahi kucheza mpira na watoto wa mtaa hata siku moja. Nilikimbia kilomita ishirini na moja juu ya vilima vya Likasi, nikamaliza, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Wewe ndiye mtu pekee atakayeelewa nikisema kwamba mtihani wenyewe haukuwa jana. Ni leo. Kwako maumivu hayakuja papo hapo. Ulicheza kwenye harusi ya binamu yetu kule Kapolowe, ukarudi unacheka, viatu mkononi, na kesho yake ndipo mifupa ilipoanza kukuchoma. Kwa hiyo leo kila nikinyoosha mguu naushika, natulia, nasikiliza.

Unakumbuka asubuhi zetu? Mama alituamsha kabla ya jua kutoka na kutupa kila mmoja vikombe vyake vya maji ya uvuguvugu, na hatukuondoka mezani mpaka viishe. Kisha vidonge vya njano vya damu, kimoja kwako, kimoja kwangu. Kisha masweta, aliyofuma mwenyewe kwa uzi mmoja, lako na langu, tukayavaa hata mwezi wa kumi, joto likiwa limekaa juu ya mabati na watoto wengine wakitembea kifua wazi. Hatukuoga maji baridi. Hatukunyeshewa mvua. Hatukukimbia. Mtaa mzima wa Kikula ulituita "batoto ba tricot", watoto wa sweta, na wewe ulinishika mkono, ukawajibu, "Siye tuko bazungu, baridi inatusumbua!" Wakacheka, nami nikacheka, nikajiona mtu wa maana.

Nilijua una ugonjwa wa damu, selimundu, ule ambao watu huku wanauita SS. Nilijua pia kwamba mimi ninao. Hakuna aliyeniambia hivyo kwa maneno. Lakini mtoto anayemeza dawa ile ile, kuvaa sweta lile lile na kukatazwa mambo yale yale, atajua nini kingine? Ulipolazwa hospitali nilikaa kando ya kitanda chako nikifikiri kwamba zamu yangu inakuja. Usiku ulipolia kwa sababu ya mgongo, nilijiviringisha kama wewe. Siku moja nilimuuliza mama kwa nini mimi bado sijalazwa. Alikuwa anasonga bukari, na hakuacha kusonga. Akasema, "Mu nyumba yangu hamuna mugonjwa na muzima. Muko batoto yangu babili. Kula."

Nikala.

Halafu kulikuwa na mchezo wetu, ule wa siku ambazo mama alikwenda sokoni. Ulikaa kwenye ngazi ya mlango, ukanituma nikimbie mpaka kwenye reli, niguse nguzo ya kivuko, nirudi. Nilikimbia huku naangalia nyuma kwa hofu, kama mwizi. Niliporudi ulinikalisha mbele yako, ukaniminya magoti kwa vidole gumba.

"Inauma?"

"Apana."

"Na huku?"

"Apana."

"Na mugongo?"

"Apana, Yaya."

Uliniangalia muda mrefu, kisha ukasema, "Usimuambie mama," ukaingia ndani. Nilidhani ni mchezo tu. Mara moja, kwa kuwa niliona uso wako umesawijika, nilikujibu, "Inauma kidogo." Ulinipiga kibao cha mgongoni, ukacheka mpaka machozi yakatoka. "Unasema bongo! Hata uongo haujui kusema!" Leo najiuliza machozi yale yalikuwa ya nini. Ulijua, siyo? Ulijua miaka mingi kabla yangu, na hukuniambia.

Mama aliniambia baada ya kilio chako, tulipokwisha kukuzika. Ilikuwa mwaka jana, baridi ya mwezi wa saba, unakumbuka namna inavyokuwa kali alfajiri. Wageni walikuwa wameondoka, shangazi amepanda gari la Kapolowe, na uani kumebaki viti vya kukodi. Mama alikuwa akivipanga kimoja juu ya kingine. Bila kunitazama akasema, "Weye haukukuwaka mugonjwa. Hata siku moja. Docteur alipima damu yako ungali mutoto muchanga."

Nikamuuliza, "Sasa juu ya nini ulinipa dawa, mama?"

Akakaa juu ya vile viti alivyokuwa amepanga. Akanieleza kwamba ulipogundulika, shangazi alikuja na wakubwa wa familia. Walikaa sebuleni, wakala, wakanawa, kisha wakasema hakuna haja ya kusumbuka na masomo ya msichana ambaye hatafika mbali. Wamweke mvulana shule. Msichana abaki nyumbani, apumzike, Mungu atajua. Mama hakubishana nao. Unamjua. Aliwasindikiza mpaka barabarani, na wiki ile ile akanunua uzi wa kufuma masweta mawili. Kuanzia hapo, kila walipokuja walikuta watoto wawili wanaomeza vidonge, wawili wanaotetemeka, wawili wasiokimbia. Wakauliza kama na mvulana ni mgonjwa. Mama akajibu, "Bote." Na kwa kuwa ilikuwa ni wote au hakuna, walishindwa kuchagua. Wewe ukasoma. Ukawa mwalimu. Wanafunzi wako wa Shituru waliokuja kwenye kilio chako walijaza barabara.

Nifanye nini na jambo kama hilo, Yaya? Siwezi kumkasirikia. Nimejaribu. Nilikwenda hospitali, daktari akapima tena, akasema damu yangu haina hata alama ya ugonjwa huo. Nilimshukuru, nikatoka, na kwenye ngazi nikashika ukuta kwa uangalifu kama ulivyokuwa ukishika. Niliendelea kuvaa sweta. Niliendelea kunywa maji ya uvuguvugu. Katika kazi yangu ya ukarani wa mizigo nathibitisha kila kitu: mzigo umetajwa kwenye hati, lakini natoka kwenda kuuona kwa macho kabla sijagonga muhuri. Neno la daktari lilikuwa hati. Mwili wenyewe sikuwa nimeuona.

Ndiyo maana nilijiandikisha kwenye mbio, pamoja na Papa Mwepu, dereva wetu wa lori, mtu mnene kiasi anayesema kwamba tumbo lake ni la heshima. Tulijizoeza pamoja miezi kadhaa asubuhi kabla ya kazi, na kila asubuhi nilikuwa na hakika kwamba ndiyo ya mwisho. Nilimwambia mama. Akasema, "Kimbia. Lakini minye sitakuya kuangalia." Jana akavaa kitenge chake cha kanisani akaenda misa ya kwanza, nami nikaenda mahali pa kuanzia.

Papa Mwepu aliniangalia kuanzia viatu hadi shingo. "Karani, nikuambie mapema. Ukianguka, minye sitakubeba. Niko chauffeur, siko ambulance."

"Sitaanguka, papa."

"Sema hivyo kwa miguu yako. Inatetemeka kama kuku wa sikukuu."

Tulipopita Kikula, wanawake wanaouza mandazi waliona sweta langu wakapiga kelele, "Ee weye wa tricot! Unapeleka nguo kwa mushonaji?" Mwingine akasema, "Mumuache, iko na malaria." Watu wakacheka. Nilipita nimeinamisha kichwa. Wewe ungekuwa na jibu. Kwa mara ya kwanza nilihisi mkono wangu mtupu upande ule uliokuwa ukitembea.

Kilomita za mwanzo nilikimbia kama mtu anayebeba mayai. Sikuwaza mbio. Nilipita katika mwili wangu chumba kwa chumba: kifundo cha mguu, goti, nyonga, uti wa mgongo, kifua. Kila mahali nilibisha hodi. Barabara ya Shituru ilipoanza kupanda, harufu ya kiwanda ikanipata, pumzi ikawa fupi, na moyo ukaanza kugonga hadi masikioni. Nikasema, ndiyo hii. Imekuja. Nikasimama kando ya reli, nikakaa chini juu ya kokoto. Wakimbiaji wakanipita. Msichana mmoja akaniambia "Courage" bila kupunguza mwendo.

Papa Mwepu, aliyekuwa mbele, akageuka akarudi, jasho likimtiririka kama maji ya bomba.

"Kunauma wapi?"

Nilitaka kumjibu. Nilitafuta, Yaya. Nilishika goti la kulia, la kushoto. Nilishika kiuno. Nilishika kifua, na moyo ulikuwa unapiga haraka lakini sawasawa, kama wa mtu yeyote aliyepanda mlima. Nilitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni mbele ya mlango wakati watu wanamtazama.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna?"

"Hakuna mahali, papa."

Akaweka mikono kiunoni. "Sasa juu ya nini unakaa hapa chini?"

Nilibaki nimekaa, machozi yakaanza kunitoka, naye masikini akadhani amenitukana, akakaa karibu nami huku akilalamika kwamba kokoto ni kali. Nililia kwa sababu hapo chini ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulitazamia. Sikuwa naogopa maumivu. Nilikuwa nayatamani. Maisha yangu yote nilisubiri zamu yangu, na niliposubiri nilikuwa pamoja nawe. Kama haiji, kama haikuwahi kuwepo, basi kila usiku uliolia ulikuwa unalia peke yako, na mimi niliyejiviringisha kando yako nilikuwa naigiza tu, kama mtoto anayevaa viatu vya baba yake. Ningeinuka na kukimbia, ningekuwa nakuacha pale.

Papa Mwepu akasema, taratibu kidogo, "Karani, tuende. Hata polepole. Bantu banatusubiri na maji."

Niliinuka. Sijui kama ni kwa ujasiri. Nadhani ni kwa aibu ya kumkalisha mtu mzima juu ya kokoto. Tulikimbia, tukatembea, tukakimbia. Mwisho walikuwa wamebaki watu wachache tu wanaokunja bendera, na mmoja akatupigia makofi kwa kuwa tulikuwa wawili na yeye alikuwa na huruma. Nyumbani mama alikuwa amepasha maji ya kuoga. Alinitazama nikivua viatu, nikaona naye anasubiri.

Na sasa ni Jumatatu. Leo asubuhi ameweka kidonge cha njano karibu na chai yangu, kama kila siku, na mimi nikakimeza kama kila siku, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyejua namna ya kutofanya hivyo.

Nimeacha kuandika kidogo kwa sababu Papa Mwepu ameingia. Amesimama mlangoni, miguu ameitanua kama fremu ya mlango, hawezi kuikunja.

"Minye niko mufu," amesema. "Na weye?"

"Mapaja, papa. Na mashavu ya miguu. Siwezi kushuka ngazi."

Amefurahi sana. "Ile njo kukimbia yenyewe! Kuko mutu anakimbia bila mapaja kuuma? Bote tunauma. Kesho itakuwa mubaya zaidi, utaona. Kisha itaisha." Akaondoka akiburuta miguu, akiita kila aliyemkuta aje aone namna karani anavyotembea.

Bote tunauma. Nimelirudia neno hilo hapa peke yangu. Maumivu niliyo nayo ni ya Papa Mwepu, ni ya yule msichana wa "Courage", ni ya kila aliyekimbia jana. Yataisha keshokutwa. Siyo yako. Yako hayakufanana na haya hata kidogo, na sasa najua kwamba sikuwahi kuyajua. Nilikaa kando yake tu, nikiwa mzima, nikikupenda.

Bado naogopa. Sikudanganyi, hukunikubalia hata nilipokuwa mdogo. Naogopa kwenda nyumbani jioni. Mama ataniandalia chakula, atakaa mbele yangu, na macho yake yatapita magotini mwangu. Nimeamua kutomwacha aulize. Nitamwambia, mama, niko mzima. Nitalisema kwa sauti, neno ambalo halijawahi kusemwa ndani ya nyumba ile. Najua atalia. Huenda atasikia kama namwambia kwamba umekufa mara ya pili, kwa sababu mimi mwenyewe nasikia hivyo. Lakini amewabeba wagonjwa wawili kwa miaka yote hii, na mmoja wao hakuwa mgonjwa. Acha ashushe mmoja chini. Abaki na wewe tu wa kumlilia, wewe peke yako, kama unavyostahili.

Pumzika, Yaya. Nisamehe kwamba uliugua peke yako. Sikujua.

Mimi mdogo wako, mzima