Jua la Yeyo na Jiko la Baba

Jumamosi, Julai. Baridi ya kutafuna mifupa.

Leo jua limetoka Kitengela baada ya wiki nzima ya mawingu. Limewatokea wengine. Kwetu lilifika karibu saa sita, na Yeyo, mama yangu, alikuwa amesharudi kitandani na shuka zake mbili.

Jameni, nalitamani hilo jua.

Zamani, kabla mashamba hayajakatwa ploti, ukifungua mlango wa jiko letu alfajiri ulikuwa unaona mbuga mpaka macho yachoke. Pundamilia walikuwa wanakaribia ua. Yeyo alikuwa anatoka na kibuyu, anarusha matone ya maziwa upande jua linakochomoza, anamshukuru Enkai, Mungu, kwa kutuamsha. Ndio chai ipikwe. Ni Mkristo wa kanisa kila Jumapili, lakini hayo matone hajawahi kuyaacha.

Siku hizi anarushia ukuta.

Ukuta ni wa Baba Njeri, jirani aliyenunua kipande cha shamba letu. Si mtu mbaya. Siku ya kuuziana Yeyo alimwomba jambo moja tu, asijenge kwenda juu. Baba Njeri akang'oa nyasi, akazishika mkononi mbele ya wazee, akakubali. Kwetu Wamaasai mtu akishika nyasi ameshamaliza maneno, basi hatukuandika popote. Kumbe kwake zilikuwa nyasi tu! Sasa yuko ghorofa ya nne, juu ya msingi uliochimbiwa nyumba ya chini, na wapangaji wamejaa na watoto wao. Nondo zimeachwa zimesimama huko juu, maana yake bado anaendelea.

Kwa hivyo jana nilienda mkutano wa kaunti. Walitaka maoni yetu: mji uwe na sheria ya ujenzi na isimamiwe kweli, ama tuendelee hivi, kila mtu na fundi wake? Nilisimama nikaongea kwa hasira mpaka sauti ikakwaruza. Nikasema nyumba ziachiane nafasi, na ghorofa zilizoongezwa bila idhini zishushwe kabla hazijatuangukia. Nilipigiwa makofi.

Baba Njeri akainuka polepole, akaninyooshea kidole. "Mimi sipingi. Lakini sheria ni msumeno. Hilo jiko la kina Naserian limekalia njia ya mtaa. Nalo litoke."

Ofisa akaangalia ramani yake, akakubali kwamba ni kweli.

Nikakaa chini.

Hilo jiko alilijenga baba mwenyewe, wakati bado alikuwa na nguvu. Alipima kwa miguu yake. Njia haikuwepo, palikuwa na mbuzi tu. Ndani akapigilia rafu ya mbao, akaiweka juu sana, kimo chake yeye, na mpaka leo Yeyo hupanda kigoda kuchukua chumvi huku akimgombeza kana kwamba mzee amekaa hapo nje. Mimi nikisikia ugomvi huo wa upande mmoja huwa nanyamaza nisikilize. Hapo ndipo mahali pekee nilipobaki na baba.

Jumatatu tunarudi kuinua mikono, wanaotaka sheria na wasiotaka. Leo nimeshinda nikizunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga. Nikitaka jua, navunja jiko. Nikilinda jiko, nitamwambia nini Baba Njeri akimwaga zege la ghorofa ya tano?

Jioni nikamweleza Yeyo yote. Nilidhani atalia. Alikuwa juu ya kigoda chake, mkono kwenye chumvi.

"Unajua kwa nini baba yako aliweka mlango huku?" akaniuliza. "Nilimwambia nataka kuona jua nikiwasha moto. Sasa huo ukuta nauangalia wa nini?"

Akashuka taratibu, nimemshika kiwiko.

"Wavunje. Lakini hiyo rafu mnitolee vizuri."

Mimi ndiye niliyelia, nikasingizia moshi.

Basi, Jumatatu nitainua mkono. Kesho tukitoka kanisani nitaanza kung'oa misumari, mmoja mmoja, mbao isipasuke. Na popote tutakapoipigilia tena hiyo rafu, nitaiweka juu vilevile, Yeyo asikose mtu wa kugombeza.