Maji Niliyotia Shabu

Sekenke, Iramba
21 Machi 2024

Kaka yangu Hosea,

Shikamoo. Nakusalimu katika jina la Bwana. Hujambo wewe, na shemeji Martha, na watoto? Mgongo wako unaendeleaje huko Mgori? Sisi huku tunapumua kwa neema tu. Shemeji yako Selina anakuamkia, anasema yule kuku mliyemwachia ameangua tisa. Simu yangu hupokei, wala sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, barua huwezi kuikata katikati.

Alizeti imetoka vizuri upande wa juu. Bondeni imedumaa, majani yamegeuka njano.

Unakumbuka mgodi ulipotafuta mtu wa kuchota maji ya vipimo. Usharika ndio ulionitaja, wakasema Simeoni ni mzee wa kanisa, hasemi uongo. Kila mwisho wa mwezi nikawa nachota kisima cha bondeni, kile kilicho chini ya bwawa la matope la mgodi, najaza chupa mbili, natia sahihi, gari linapeleka maabara. Wakanipa buti na kofia ngumu. Nilizivaa hata nikienda kusaga, mpaka Selina akaniuliza kama siku hizi mahindi yanapasuliwa kwa baruti.

Sasa kaka, maji ya kile kisima unayajua, rangi ya chai ya maziwa. Sisi na ng'ombe tunakunywa hivyo hivyo, lakini mgeni hapewi. Mama alitufundisha: unatia kwenye ndoo, unazungusha jiwe la shabu, tope linashuka, ndipo unamchotea mgeni yale ya juu. Nilipoziangalia zile chupa zao zinazong'aa nikaona aibu. Nikawaza wasomi wa maabara watasema watu wa Sekenke wanakunywa tope. Nikatia shabu, nikangoja yatulie, nikajaza. Miezi minane nilifanya hivyo. Hila sikuwa nayo, Mungu anajua. Nilidhani nawaandalia wageni.

Majibu yakawa yanarudi safi, yanabandikwa ofisi ya kijiji, nami napita pale kuyasoma kama vile ni cheti changu.

Ndipo ng'ombe wako walipoanza kutupa mimba, kisha wakafa wanne. Ukasimama mkutanoni ukasema maji ya bondeni yana sumu, kisima kifungwe. Afisa wa mgodi akatoa zile karatasi nane. Innocent wa bucha akakuuliza ng'ombe wako wamesomea chuo gani hata wakatambua sumu kuliko maabara, watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Ukanigeukia, ukasema huyu ni mdogo wangu, aseme yeye. Nikasimama na kofia yangu kichwani. Nikasema maji ni ya kisima kile kile, nimeyachota kwa mkono wangu, na kwamba kaka amechanganyikiwa kwa uchungu wa ng'ombe. Wiki ile ile ukaswaga waliobaki, ukahama.

Hayo unayajua. Usilolijua ni hili.

Siku tisa kabla ya mkutano ule, alikuja binti wa maabara, Joyce, kuangalia ninavyofanya kazi. Akaniona nazungusha jiwe, akauliza ni la nini. Nikamweleza kwa fahari. Akasema taratibu, kama anayeleta habari ya msiba, kwamba shabu inakokota sumu chini pamoja na tope, kwamba kile wanachokitafuta nimekuwa nakiacha kwenye ndoo. Majibu yote nane hayafai kitu. Akajaza chupa mpya mwenyewe, akasema majibu yatachukua wiki sita, na wakati huo niwaambie watu wasinywe.

Sikuwaambia. Nilimwambia afisa wa mgodi peke yake, naye akasema Mzee Simeoni usijichoshe, karatasi zimeshapokelewa.

Kwa hiyo niliposema umechanganyikiwa, nilikuwa najua. Na maji yalikuwa ya kisima kile kweli, kaka, nikajificha nyuma ya ukweli huo. Niliogopa kuitwa mzee wa kanisa aliyewanywesha watu sumu.

Majibu ya Joyce yamekuja Jumatatu. Sumu imo, imezidi kiwango mara nyingi. Mgodi unasema tungoje kipimo cha pili, na kisima kiko wazi. Jana nilimkuta Eliza wa Fredrick anachota, na mimba yake ni ya miezi saba. Nikamzuia. Akaniuliza, baba, si wewe uliyesema ni safi? Nikamweleza yote pale pale. Akaimwaga ndoo nzima kwenye buti zangu, akaondoka analia.

Uzee wa kanisa nimeurudisha. Nimewaambia na wengine, hawaamini. Innocent anatangaza kwamba wazimu ni wa ukoo wetu. Mkutano wa kijiji ni tarehe 4 Aprili, nami nitasema mbele ya wote kwamba ulisema kweli nami nikakuangusha. Nikisimama peke yangu watacheka tena, na kesho yake watachota. Tukisimama wawili, huenda wakakifunga. Msamaha siudai, utanipa siku utakayoweza au usinipe. Nakuomba uje tu, kwa ajili ya wanaokunywa.

Msalimie sana shemeji Martha, mwambie namwonea haya.

Ni mimi mdogo wako,
Simeoni

Tafadhali kaka, nijibu upesi, kabla ya tarehe nne.