Gundi ya Bondo: Kumkumbuka Ogweno Odoyo wa Mkuyuni

Mwaka umetimia, Baba Faith, tangu asubuhi ile ya Alhamisi, tarehe 17 Julai 1997, ulipotuacha bila kuaga, chai yako ikiwa bado haijamiminwa.

Tumezoea? Hatujazoea. Mkeo Roza mpaka leo akisonga ugali anasonga wa watu wawili, halafu anaubakiza na kuuita kiporo, kana kwamba ndivyo alivyopanga.

Yeye ndiye aliyeomba tangazo hili liwe refu kuliko mengine. Ana jambo lake la kusema. Jina lako liliharibika mbele ya watu, na anataka lisafishwe mbele ya watu haohao kabla mwaka wa pili haujaanza.

Lakini kwanza akukumbuke vizuri.

Kiwanda ulichofanyia kazi kilipopunguza wafanyakazi mwaka 1993, wenzako walirudi nyumbani na mablanketi na mabakuli. Wewe ulirudi na mbao za masanduku, yale yaliyoleta mashine kutoka Ulaya, zilizokuwa zimetupwa uani miaka na miaka. Ukazishusha kwenye mkokoteni, ukagonga mmoja kwa kifundo cha kidole, ukauwekea sikio.

"Huu ubao una sauti, Mama Faith."

"Na hiyo sauti tutaila na mboga gani?" akakuuliza Roza.

Ulicheka mpaka ukakaa chini, palepale kwenye vumbi.

Hakuna aliyekufundisha kuunda gitaa. Ulipata moja bovu, ukalifungua mgongo, ukahesabu mbavu zake, ukaanza. Ubao wa mninga uliukunja juu ya bomba la moto, polepole, ukiunyunyizia maji, na ukiusikia unalalamika uliuacha upumzike kama mzazi. Nyuzi ulizifanya kwa waya za breki za baiskeli. Madukani sasa kulikuwa na magitaa ya kutoka nje yanayong'aa kama viatu vya harusi, na watu walikuuliza unajisumbua nini. Ulijibu kwamba yale yametengenezwa na mtu asiyekujua.

Na ulikuwa ukigonga kila kitu. Meza, milango, mapapai sokoni. Kwenye msiba wa jirani uligonga jeneza, ukamnong'oneza Roza, "Mninga safi kabisa, wanaufukia." Alikufinya ukanyamaza, lakini mpaka leo hajui walioketi nyuma walisikia au hawakusikia.

Mchana ukipiga msasa, Roza alikaa na ungo wake karibu na wewe, akakutegea vitendawili. Alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini vitendawili hakuvipata shuleni.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango, ina dirisha moja tu, na anayeimba ndani hajaonekana."

Ulikuwa umelipakata gitaa lenyewe magotini, na bado ukatikisa kichwa.

"Umenishinda. Nakupa mji, nakupa Kamanga."

"Kamanga nimefika, nimekula, nimeshiba. Wameniuliza, huyo mume wako ana akili timamu? Umelishika mwenyewe."

Ulimpa Kamanga, ulimpa Musoma, ulimpa Bukoba. Ulimpa kanda nzima ya ziwa, wewe ambaye hukushindwa kitu.

Sasa jambo lenyewe.

Gundi yako uliipika kwa bondo, lile puto la hewa lililomo tumboni mwa sangara. Ilikuwa miaka ileile mabondo yalipoanza kugombaniwa na wanunuzi, na jirani yetu Justa, anayeuza samaki mwaloni, soko la kando ya ziwa, alikuwekea yaliyochanika. "Shemeji," alikutania, "wenzako wanayasafirisha ng'ambo, wewe unayapikia mbao." Ulimwambia mbao nazo zina njaa. Uliyakausha, ukayaloweka, kisha ukayaweka juu ya moto mdogo yayeyuke taratibu. Gundi ile ikishika imeshika.

Wiki moja kabla ya Pasaka ya mwaka 1995 ulikuwa unamalizia gitaa la kwaya. Kilibaki kidaraja tu, kile kijiti cha kifuani kinachoshika nyuzi. Ukateleka sufuria ya gundi, kisha ukaitwa Butimba. Ulisema, "Mama Faith, niangalizie isichemke." Akaangalia. Haikuchemka. Lakini mtu aliyepika miaka thelathini na mitano hasimami mbele ya sufuria yenye harufu ya samaki mikono mitupu. Mkono ukaenda kwenye kopo la chumvi wenyewe. Akatia, akakoroga, ndipo akakumbuka kwamba ile si mboga.

Angeweza kukuambia. Alijisemea, chumvi haijaua mtu, itaua gundi? Na aliogopa Justa angelipata hilo la kuchekea mwaka mzima. Uliporudi akakukabidhi sufuria, akaenda kuchota maji.

Siku ya Pasaka mvua ilinyesha tangu asubuhi, unyevu umejaa kanisani. Mwalimu Antoni wa kwaya alianza wimbo wa kwanza, gitaa likalia vizuri hadi wazee wakageuka kutazama. Wimbo wa pili, kidaraja kikang'oka na nyuzi zake zote, kikampiga Antoni kidevuni. Watoto wakaangua kicheko, na wakubwa wengine nao.

Ulisimama kwenye benchi lako. Ulisema, "Nisamehe, mwalimu. Kosa ni la mkono wangu, nilikosea gundi."

Roza alikuwa upande wa akina mama, mstari wa tatu. Alifungua kitabu cha nyimbo, akakiangalia mpaka ibada ikaisha.

Kwaya ikanunua kinanda cha umeme. Mtaani wakaanza kusema magitaa ya Ogweno hujifungua yenyewe. Waliokuwa wameomba kutengenezewa wakapotea mmoja mmoja. Uliunda mengine matatu, hakuna aliyeyataka, ukayatundika ukutani sebuleni. Gundi sasa uliipika mwenyewe nyuma ya nyumba, ukisema moshi utamuumiza Roza macho. Naye kwa hatia akaiogopa chumvi. Mwezi mzima alikupikia chakula cha chukuchuku, ukakila bila neno. Siku moja tu ulisema, "Samaki wa leo mzuri, Mama Faith, ila hajasalimiwa."

Miaka miwili mlilala kitanda kimoja na hakukuambia. Kila siku alisema kesho. Kisha ikaja ile Alhamisi.

Mwezi uliopita, tulipokaa kuandaa kumbukumbu hii, alitueleza sisi wanawe, na mwalimu Antoni alikuwepo. Alipomaliza, Antoni akasema, "Mama, mzee alijua."

Ilikuwa ileile Pasaka, baada ya ibada. Ulikiokota kidaraja sakafuni, ukakilamba chini, mahali penye gundi. Ukaanza kucheka peke yako. Ukamwambia Antoni, "Chumvi. Imevuta unyevu. Usimwambie mtu, mwalimu. Mama Faith akijua kwamba nimejua, hatalala." Antoni naye akanyamaza, mpaka siku hiyo.

Roza hakulia. Alikukasirikia, Baba Faith, siku mbili nzima. Alisema, "Kumbe alikula samaki wangu bila chumvi mwezi mzima na anajua sababu." Siku ya tatu tulimkuta sebuleni anayafuta vumbi magitaa yako, moja moja, kwa upande wa khanga yake.

Basi wasomaji wasikie, wa Mkuyuni, wa Butimba na wa kanisani. Msimu huu mvua zimenyesha kuanzia mwezi wa kumi mwaka jana hadi wa tano mwaka huu, barabara zimekatika, kuta zimeota ukungu. Magitaa yale matatu yamekaa ukutani muda wote huo. Hakuna lililoachia hata uzi mmoja. Mkono wa Ogweno Odoyo haukukosea gundi. Aliyeitia chumvi ni mkewe, Roza Amondi, na amesema mwenyewe, kwa akili zake, bila kulazimishwa.

Ibada ya kumbukumbu itafanyika Jumapili, tarehe 19 Julai 1998, saa nne asubuhi, na baadaye chakula nyumbani. Kinanda kitapumzika siku hiyo. Antoni atapiga gitaa lako, na Roza ameomba akae mstari wa mbele.

Wanaokutaja kila siku ni mkeo Roza, binti yako Faith na mumewe Malimi, mwanao Odoyo, mdogo wako Ogada aliyeko Shirati, wajukuu, Justa na watu wa mwaloni, na mwalimu Antoni.

Hutasahaulika kwetu, Baba Faith, siku zote tutakazojaliwa.